Kisiwa Kilichonililia

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu," baba aliwaambia watu wa ufukweni kabla sijafungua mdomo.

Ndiyo kwanza nilikuwa nateremka mtumbwini, sketi imelowa hadi magotini, viatu mkononi. Tangu tulipoiacha bandari ya Nkome nilikuwa nikipanga maneno: kwamba mimi ni Mageni, binti yake, na kwamba sikuja kumsuta. Alinitambua papo hapo, maana sura yangu ni ya mama kabisa. Ndiyo sababu akawahi kusema. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama nyavu.

Nyamitembe ni kisiwa kidogo, unakizunguka kabla chai haijapoa. Mwezi ulikuwa mkubwa, na wakati wa mbalamwezi dagaa hawavuliki kwa taa, kwa hiyo wavuvi wengi walikuwa wamekwenda bara. Palikuwa kimya, unasikia kuku wakiparura chini ya chanja za kuanikia. Ni pazuri, sikatai. Nilichukia kwamba ni pazuri. Miaka yote ile mama alimwazia shida tu: mara amefukiwa na kifusi, mara yuko gerezani, mara anaona haya kurudi mikono mitupu.

Alituacha Runzewe nikiwa darasa la kwanza. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Alisema anakwenda kujaribu mashimo mapya upande wa Geita, asirudi. Mama hakuolewa tena. Kisha akaja Sostenes, kijana wa Maganzo, akataka kunioa. Wazee wake walikuwa tayari kutoa ng'ombe, ila wakauliza nani atawapokea. Baba alimtolea mama mahari kamili, kwa hiyo mimi ni mtoto wa ukoo wa baba. Mjomba Athanas akiwapokea ng'ombe hao, siku moja ndugu za baba wangezuka kuwadai, na ndoa yangu ingegeuka kesi. Mjomba akakataa katakata mpaka asikie kauli ya baba mwenyewe. Bila kauli hiyo hakuna ndoa. Ndipo mnunuzi mmoja wa dagaa akatuambia amemwona baba, Maige, huko Nyamitembe, mzima wa afya. Mama alifua kanga zake zote wiki ile.

Nyumbani kwake nilipokewa na mkewe, Rebeka, mwanamke mkunjufu wa kutoka Ukerewe. Nilitaka kumchukia, akaninyima nafasi. Alinipikia sato, akamwita binti yao Loveness aninawishe mikono. Baba alikula harakaharaka, akaaga kwamba anakwenda kuziba nyufa za mtumbwi. Rebeka akangoja afike mbali, kisha akasogeza kigoda.

Aliniomba nisimtajie baba mdogo wangu habari za mke wake wa kwanza na mtoto. Mpaka leo hawezi kuzisikia, alisema. Walipokufa kwa kipindupindu, mama na mwana, habari zilimkuta hapahapa, akaanguka mchangani akilia. Kisiwa kizima kiliacha kuvua. Wanawake walipika, wanaume walilala nje pamoja naye mpaka matanga yakaanuliwa, wakamnyoa nywele. Baadaye mchungaji aliwafungisha ndoa bila maswali, kwa kuwa alikuwa mgane.

"Mtoto aliitwa Mageni," Rebeka alisema. "Wewe utakuwa ulimjua."

"Nilimjua."

"Pole sana."

"Nimeshapoa," nikajibu.

Sikulia. Hasira ilinikausha macho. Nikatoka nje, nikawatazama majirani waliokuwa wakinipungia mkono. Hawa ndio walionililia. Kwa ajili yangu dagaa walilala salama majini, na baba yangu akakaa katikati ya watu hawa wema, kichwa kikimeta, akipokea pole.

Nilimkuta anasokota pamba ya kuzibia nyufa. Nikamweleza habari za ng'ombe na Sostenes, nikamwambia namhitaji siku moja tu. Hakuuliza mama yu hali gani.

"Siwezi kuja, ng'wanawane," alisema. Aliniita mwanangu kwa Kisukuma, chinichini. "Umeshaona mwenyewe."

Nikamwambia basi atoe kauli, nikawasha simu kumrekodi. Alitazama kwanza nyumbani. Rebeka alikuwa uani, anaosha vyombo. Baba akainamia simu, akasema kwamba yeye, Maige, ameridhia ng'ombe wa binti yake Mageni wapokelewe na shemeji yake Athanas. Alisema vizuri, hakukosea hata neno moja. Ningeweza kupaza sauti pale, na kisiwa kizima kikajua. Nilimtazama Loveness akipita na ndoo kichwani, nikazima simu.

Wazee wa Maganzo waliisikiliza sauti ile wakatosheka. Ng'ombe wakaingia kwenye zizi la mjomba, nami nikaolewa. Lakini jioni ile niliporudi kutoka kisiwani, kabla ya wazee na kabla ya mjomba, wa kwanza kuisikia alikuwa mama. Alikaa mkekani amejifunga kanga mpya. Nikamwekea sauti ile. Akaniomba nirudie, akaweka simu sikioni.

"Mbona anaongea chini hivyo?" aliuliza. "Anaumwa?"

Njia nzima nilikuwa nimeapa kumwambia yote.

"Kidogo," nikasema.

Mama akainuka, akaanza kukunja kanga zake, akaniuliza mitumbwi ya kwenda huko hutoka Nkome siku gani.