Kitanda cha Baba Mkwe

Mwaka ule wa tisini na nne, Jumapili baada ya kanisa, ungemtafuta Phanice kwao Marani usimpate. Alikuwa mjini Kisii, nyuma ya duka la vyombo la akina Jay, amekalia katoni ya sufuria, anapigana na wachawi. Jay alitumiwa na mjomba wake wa Uingereza kitabu cha mchezo: mmoja anasimulia, wengine wanasema watafanya nini, kisha dadu inaamua kama wataishi. Majoka ya kitabuni hayakumtisha mtu. Ndipo Jay akaanza kuvitia uhai vyombo vya dukani. Ungo ukazomea watu, mwiko ukawakimbiza, na Phanice akacheka hadi Sarla, mama yake Jay, akachungulia kuuliza nani ameumia.

Sasa ilikuwa Jumapili ya mwisho. Kesho akina Jay wangehamia Uingereza. Phanice alitaka kitu kimoja tu: hadithi waliyoicheza mwaka mzima ifike mwisho. Kilibaki chumba cha kulala cha mchawi mkuu. Humo, chini ya mto, mlikuwa na ufunguo wa kuvipa uhuru vyombo vyote alivyovifanya watumwa.

"Kitanda kinanguruma," Jay akasema. "Onyiego, chomoa upanga uingie."

Onyiego, fundi wa baiskeli mwenye mabega kama mlango, akarudisha dadu mezani. "Siingii."

"Huingii vipi?"

"Si mwezi jana uliniozesha binti ya huyu mchawi? Ni baba mkwe wangu. Mtu anaingia aje chumba cha kulala cha mkwe?"

"Onyi, ni mchezo!"

"Mchezo gani wa kumvunjia mkwe heshima? Na mama yangu akisikia?"

Jay akamgeukia Phanice. Phanice akainua mikono. "Usiniangalie mimi. Umezaliwa hapa hapa Kisii, hayo unayajua."

"Jay!" Sarla akapaaza sauti kutoka dukani. "Wacha kuaibisha mtoto wa watu!"

Basi ikabaki kwa Bitutu, yule mpiga mishale ambaye Phanice alimcheza tangu siku ya kwanza.

"Bitutu ataingia peke yake," Phanice akasema.

"Atakufa," Jay akamwambia polepole.

"Rusha dadu, bwana."

Godoro likamfunga miguu. Blanketi likamrukia usoni. Onyiego alisimama akaipa meza mgongo, asije akaona kitanda cha mkwe, huku akipiga kelele, "Piga huo mto, dada! Upige!"

Mkono wa Bitutu ukaufikia ufunguo chini ya mto; angeuacha, angeweza kujinasua akimbie. Phanice alifikiri kidogo. "Nautupa ufunguo nje."

Dadu ikakubali. Ufunguo ukapita chini ya mlango hadi miguuni pa Onyiego, na blanketi likakaza. Bitutu akakata roho.

Onyiego akavua kofia. Jay akafunga kitabu. "Basi. Imekwisha."

"Imekwisha nani kasema?" Phanice akang'aka. "Mtu amekufa. Matanga je? Azikwe kama mbwa?"

Jay akamtazama, akakiweka kitabu kando, akaanza kusimulia kutoka kichwani. Viti vilivyopata uhuru kwa ufunguo ule vikaja vyenyewe vikajipanga uani. Sufuria zikajiinjika motoni. Kinu kikalia kuliko wafiwa wote. Mwishoni likaja blanketi lile lile, limejikunja kwa aibu, likaomba ruhusa ya kumfunika marehemu.

Sarla akaingia na chai na chevda ya kutafuna, akaambiwa nani amefariki, akaketi. "Maskini. Ameacha watoto?"

"Wengi," Onyiego akajibu. "Na baba yao ni mlevi."

"Yule wa Kenyenya? Nilijua!"

Wakamsengenya mjane huyo ambaye hakuwahi kuwapo, chai ikanywewa, ikaongezwa. Jay akaleta waombolezaji, akaleta wengine.

"Tumzike sasa?" akauliza hatimaye.

Onyiego akasogeza kikombe kiongezwe chai.

"Bado," Phanice akasema. "Watu wa Nyamarambe hawajafika. Watafutie viti."