Joto la Uongo, Njia Nusu

"Mwanao hana adabu, na mdomo wake ndio utakaomponza!"

"Adabu gani? Kamwambia mumeo asimame, naye akasimama. Kama mwanangu alikosea, mbona hakuendelea?"

Ngazi ilikuwa imejaa watu. Mke wa Kapteni alisimama mlangoni kwake ghorofa ya pili, ndala moja mguuni, nyingine sijui aliiacha wapi. Mlango wa pili, ule unaotazamana na wake, mama yake Kipimo alikuwa ameuziba kwa mwili mzima. Sisi wa chini tulizima redio, tukapanda na mifagio, tukisingizia kufagia.

Kipimo ndiye binti mwenyewe, rubani msaidizi. Jina la utani alilipata kwa kupima kila kitu mara mbili, hata maji ya chai. Miaka miwili sasa anaruka na Kapteni katika ndege ndogo ya tajiri mmoja, na jioni wote wawili wanarudi kwenye milango hiyo hiyo. Sasa alikuwa nyuma ya mgongo wa mama yake, sare hajavua, anasikiliza anavyogombaniwa kama godoro la urithi.

"Mume wangu ana saa elfu tisa angani!"

"Na mwanangu ana macho mawili!"

Tulicheka. Mke wa Kapteni akatugeukia. "Nyie mnachekelea nini? Mume wangu kanipigia simu, tajiri anataka barua ya maelezo leo hii. Aliyekosea anafukuzwa. Na anayeandika barua ni Kapteni, si huyo mtoto wenu."

Kicheko kilikatika.

Ya asubuhi tuliyapata kwake mwenyewe, baadaye. Ni hivi: ndege ikiwa nyepesi na njia ya kurukia ni ndefu, rubani halazimiki kuzikamua injini mpaka mwisho. Anaiambia kompyuta kwamba nje kuna joto kali kuliko lililopo, nayo inazipa injini nguvu pungufu, ila ya kutosha. Injini zinadumu, mafundi wanafurahi, tajiri anafurahi zaidi. Si ujanja wa kuficha. Ni utaratibu wenye majedwali yake. Kapteni aliupenda kupita kiasi. Alijisifu kwamba injini zake hazijui hata kukohoa.

Nje palikuwa na digrii ishirini na nne. Kipimo akapiga hesabu, wakaingiza arobaini na sita. Hesabu hiyo ilikuwa ya kuanzia mwanzo kabisa wa njia, mita elfu mbili na mia nne. Tajiri akachelewa, akaja amenuna, kahawa mkononi, simu sikioni. Waongoza ndege mnarani wakawaambia: kuna ndege inakuja kutua, mkitaka kuondoka sasa hivi, ingilieni katikati ya njia. Kapteni akakubali kabla Kipimo hajageuza shingo.

"Kapteni, hesabu yetu ni ya njia nzima."

"Ndege nyepesi hii."

"Kutoka katikati tumebakiwa na mita elfu moja na mia mbili. Tupige upya, au tutumie nguvu zote."

"Binti, nimeruka hapa wewe ukiwa bado unanyonya. Soma orodha ya ukaguzi."

Akasoma. Injini zote mbili zikishika, huenda wangeondoka salama, na hiyo ndiyo iliyomtesa: angeonekana ameshtuka bure. Moja ikizima katikati ya mbio, hapana nafasi ya kusimama wala nguvu ya kunyanyuka, na mbele kuna ukuta wa matofali na barabara ya malori. Kapteni akasukuma vishikio vya nguvu za injini. Ndege ikaanza kukimbia. Ile arobaini na sita ilikuwa inang'aa kwenye kioo, mbele ya macho ya Kipimo. Akisema, mkubwa wake amemuaibisha mbele ya mwenye ndege. Asiposema...

"Simama!"

Kwenye kazi yao neno hilo halina mkubwa wala mdogo. Likitamkwa, unasimama kwanza, maswali baadaye. Kapteni akarudisha vishikio, akakanyaga breki. Huko nyuma kahawa ikammwagikia tajiri kifuani.

Wakazunguka mpaka mwanzo wa njia, wakasubiri zamu yao, wakaruka. Kwenda na kurudi, Kapteni hakumwambia Kipimo neno lisilo la kazi.

"Ataandika ukweli," mama yake Kipimo alisema pale ngazini, ila sauti ilikuwa imeshuka.

"Ataandika kwamba binti alishtuka. Basi."

Viatu vikasikika chini. Tukajibana ukutani kama wezi. Kapteni alipanda polepole, tai mfukoni, bila kumsalimu mtu, yeye ambaye husalimia hata paka. Akasimama katikati ya milango miwili.

"Kipimo yuko wapi?"

Mama hakusogea. "Sema na mimi kwanza."

"Shikamoo, Kapteni." Binti alikuwa amejipenyeza chini ya mkono wa mama yake.

"Marahaba. Niliandika kwamba ulishtuka. Nikaisoma barua, imenyooka vizuri tu. Halafu nikakaa nikapiga hesabu ya kutoka katikati, kwa ile arobaini na sita."

"Ikasemaje?"

"Injini moja ikizima, tunaishia kwenye malori."

Hakuna aliyefagia.

"Nikaichana. Nimeandika nyingine, kwamba kosa ni langu, nimempa tajiri mkononi. Wewe kesho saa kumi na mbili asubuhi uko kazini, utaruka na rubani mwingine. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani mpaka waniite."

"Watakuita?" mkewe aliuliza.

"Sijui, mama watoto."

Mke wa Kapteni akaketi pale pale kwenye ngazi. Mama yake Kipimo ndiye aliyeuachia mlango.

"Jirani, mmekula?"

"Tule nini? Tangu saa tisa niko hapa nakutukana."

"Basi inuka, mshike mumeo mkono, mpite ndani. Na nyie wenye mifagio, viti ni sita tu, wengine mtakula mmesimama. Karibuni."