Sindano ya Kitanda cha Kumi na Nne

Chumba cha kufulia cha hospitali ile kilikuwa chini kabisa ya jengo, kule ambako mabomba yote ya ghorofa nne hupitia kabla ya kutoka nje. Kilikuwa na dirisha moja dogo karibu na dari, na kwa kuwa dirisha lenyewe lilitokea usawa wa ardhi, waliofanya kazi mle waliwafahamu wapita njia kwa viatu vyao tu. Humo ndimo Mama Foronya alikuwa amefua, kuanika na kupiga pasi kwa miaka kumi na tisa. Jina hilo alibandikwa na wauguzi kwa sababu hakuwa na simile na foronya iliyokunjwa ovyo. Alikuwa tayari kukunjua robota zima na kulianza upya, huku akinung'unika kwamba mgonjwa naye ni mtu, hawezi kulalia kitu kama kitambaa cha kusugulia sufuria.

Mwenzake wa kazi aliitwa Twiga, mwanamke mrefu aliyetembea mle ndani shingo upande kwa kukwepa mabomba. Twiga alikuwa msimuliaji. Asubuhi moja ya Jumatatu alikuwa akipakua toroli la shuka chafu huku akieleza jinsi mumewe alivyojitia mpishi siku ya Jumapili hadi majirani wakaja kuuliza kama kuna kinachoungua. Katikati ya kisa akanyamaza.

"Endelea basi," Mama Foronya alisema bila kugeuka. "Walipogonga mlango akawaambia nini?"

Twiga alikuwa ameukunja mkono wake wa kulia kifuani. Glavu ilikuwa imetoboka penye shina la kidole gumba, na ndani yake damu ilikuwa ikitambaa kuelekea kwenye kifundo. Katika shuka lililokuwa mbele yake kulikuwa na sindano, zile ndefu za dripu, imejificha kwenye mkunjo utadhani imelazwa na mama yake.

Waliuosha mkono kwa sabuni na maji ya bomba kwa muda mrefu, kisha wakapanda hadi ofisi ya matroni. Twiga akapimwa, akaandikiwa dawa za kinga za siku ishirini na nane, akaambiwa atapimwa tena mara kadhaa ndipo aambiwe kwa uhakika kama yu salama. Mgonjwa aliyechomwa sindano ile alikuwa nani, hakuna aliyejua.

"Poleni sana," matroni alisema. Alikuwa mwanamke mpole, aliyechoka. "Nawaombeni muwe waangalifu zaidi huko chini."

Mama Foronya alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Sisi ndio tuwe waangalifu, matroni?"

"Namaanisha, mnapopakua."

"Sindano haina miguu. Mtu ameitoa kwenye mkono wa mgonjwa, akaiona, akaiacha. Mwangalifu anatakiwa awe nani hapo?"

Matroni akasema suala hilo litafikishwa kwenye kikao. Mama Foronya alishawahi kusikia habari za kikao hicho. Miaka miwili nyuma ni yeye mwenyewe aliyechomwa, akameza dawa zilezile, akatapika kila asubuhi kwa mwezi mzima, akaambiwa kikao kitakaa. Labda bado kilikuwa kimekaa.

Wiki ile Twiga alikuja kazini uso umemsinyaa. Alifanya kazi, akakimbilia chooni, akarudi, akafanya kazi. Kisa cha mumewe hakukimalizia. Nyumbani alikuwa amejitengea sahani na kikombe, ingawa nesi alimwambia si lazima, na usiku alilala ukingoni mwa kitanda. Alimweleza Mama Foronya hayo kwa sauti ndogo, wakiwa wameshika ncha nne za shuka moja ili walikunje, na Mama Foronya akajawa na hasira. Hakujua azipeleke wapi.

Basi akaanza kuzipeleka ghorofani.

Alipakua kila robota kwa koleo refu, shuka moja moja, akilikung'uta juu ya beseni la bati. Kila beseni lilipolia, alijua ni sindano. Kufikia Ijumaa lilikuwa limelia mara saba. Kila robota lilikuwa na kikaratasi cha namba ya wodi, na kila sindano aliitia kwenye kopo gumu la plastiki, akaandika wodi na siku. Muda wake wa chai ulipofika alivua aproni, akapanda ngazi na kopo lake, akasimama penye meza ya wauguzi.

"Samahanini. Kuna mtu amesahau kitu chake kwenye shuka. Mwenyewe ni nani?"

Siku za kwanza walicheka. Kisha wakaudhika. Muuguzi mmoja akamwambia ana kazi zaidi ya kujibu maswali ya dobi. Daktari kijana, aliyekuwa akiandika bila kuinua kichwa, alisema, "Mama, ni sindano moja tu. Humu watu wanapigania roho zao."

"Ni moja kila mahali, daktari," Mama Foronya alijibu. "Kwako moja, kwa huyu moja, kwa wa zamu ya jana moja. Kila mtu ana yake moja tu. Kule chini zinafika saba, na mkono unaozipokea ni uleule."

Daktari akainua kichwa.

Matroni akamwita na kumwonya kuhusu kuacha kituo cha kazi. Mama Foronya akasema anatumia muda wake wa chai, na kama chai ni lazima basi ataibeba kikombeni akipanda ngazi.

Wiki ya tatu alipanda wodi ya sita. Wodi hiyo aliipenda kwa sababu ndiko alikofanya kazi mwanawe. Kwa damu alikuwa binti wa marehemu mdogo wake, lakini alimlea tangu akiwa na miaka tisa, akamsomesha kwa mikono hiyohiyo ya kufulia mpaka akavaa sare ya uuguzi. Hakuna mtu chumba cha kufulia, hata mafundi bomba waliopita mara moja kwa mwaka, ambaye hakuwahi kuonyeshwa picha ya mahafali yake.

"Hii ilitoka kitanda cha kumi na nne, namba iko kwenye plasta yake," alimwambia muuguzi aliyekuwa mezani. "Shuka lilibadilishwa jana mchana. Nani alitoa dripu?"

Muuguzi alifungua daftari la wodi akitabasamu, akateremsha kidole kwenye ukurasa, kidole kikasimama. Tabasamu likafifia.

"Mama, labda tuyaache haya."

"Nisomee."

"Ni mwanao."

Mama Foronya alitazama ukutani. Sanduku la kutupia sindano lilikuwa palepale, limening'inia karibu na mlango. Angeweza kuitumbukiza sindano humo, akashuka zake, na muuguzi yule angemfichia siri kwa moyo mmoja. Angeweza pia kungoja jioni, wakazungumza nyumbani mlango umefungwa. Akafikiri, ikiwa watoto wa wenzangu nimewaumbua mbele ya wagonjwa, na wa kwangu nikamnong'oneza jikoni, basi miguu yangu yote hii kwenye ngazi ilikuwa umbea tu.

Akaenda moja kwa moja hadi katikati ya wodi, ambako binti alikuwa akimpima mgonjwa joto.

"Umesahau kitu chako," alisema, akamwonyesha kopo.

Binti alilitazama kopo, akamtazama mama yake mkubwa, akaona na vitanda vyote vilivyogeuza shingo.

"Mama mkubwa, ungenisubiri nyumbani."

"Wenzako niliwasubiri nyumbani?"

"Nilikuwa peke yangu jana." Binti aliweka kipimajoto kando. "Wagonjwa thelathini na wanane, mimi mmoja. Nimetoa dripu hapa, wa kitanda cha pili yake akaanza kukosa pumzi. Sanduku liko kule mlangoni. Niliiweka kitandani ili nirudi. Sikurudi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mama Foronya akatembea kutoka kitanda kile hadi kwenye sanduku. Hatua ishirini na mbili. Akarudi.

"Kwa nini limewekwa mlangoni?"

Binti aliwaza. "Kwa sababu ndiko kwenye msumari."

"Msumari."

"Tangu nifike hapa liko kwenye ule msumari."

"Miaka mitatu," Mama Foronya alisema polepole. "Wasomi wote wa ghorofa nne. Twiga anatapika matumbo yake kule chini kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kupigilia msumari wa pili. Na wewe mwanangu ulikuwa unaupita kila siku."

Akashuka ngazi na kopo lake.

Siku nne binti hakumsemesha. Walikula meza moja wakipitishiana chumvi kama wapangaji. Mama Foronya alijua amemuumiza, na usingizi ulimpaa, lakini hakuomba radhi maana hakuona la kuombea.

Siku ya tano binti alikwenda stoo, akaburuta toroli la dawa lililotupwa kwa kukosa gurudumu moja. Akamsumbua fundi hadi likapata gurudumu, lisilolingana na mengine, akafunga sanduku la sindano ubavuni kwa bandeji. Toka hapo alilisukuma kitanda hadi kitanda, likilia njia nzima. Wenzake walimtania kwamba anauza barafu. Baada ya wiki wakawa wanagombea nani alitumie. Marobota ya wodi ya sita yakaanza kushuka safi. Wodi ya nne wakaja kuangalia, wakatengeneza la kwao, na yule daktari kijana alionekana akivuka wodi nzima na sindano mkononi, akilaani kwa sauti ya chini, lakini akivuka.

Mwezi wa tatu tangu Twiga achomwe, hospitali ikapata wageni kutoka makao makuu. Wafanyakazi wote waliitwa ukumbini wamevaa sare safi, madobi wakapangwa nyuma. Mganga mkuu akasimama na kueleza mpango wa uongozi wake wa kuweka masanduku karibu na wagonjwa, mpango uliofikiriwa kwa kina. Mgeni mmoja akauliza ni watumishi wangapi waliochomwa na sindano mwaka ule.

"Tunashukuru," mganga mkuu alisema, "hatujapata tukio hata moja."

Twiga alikuwa amesimama bega kwa bega na Mama Foronya. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa bado hakijafanywa. Mama Foronya alimsikia akivuta pumzi na kuibana.

"Yupo mmoja," Mama Foronya alisema kutoka nyuma. Hakupaza sauti. "Huyu hapa. Amemeza dawa siku ishirini na nane, na jana nimemwona bado anajitengea kikombe. Kama hayumo kwenye karatasi zenu, mwangalieni, anaonekana vizuri tu, ni mrefu."

Mganga mkuu akasema huyo mama ana jazba, atasikilizwa kwa utaratibu wake. Ndipo kutoka safu ya wauguzi ikasikika sauti nyingine.

"Anasema kweli. Mimi mwenyewe niliacha sindano kwenye shuka, kitanda cha kumi na nne. Kama yeye asingenirudishia, ningeacha nyingine."

Alikuwa binti yake, mikono imekakamaa ubavuni kama mwanafunzi. Mgeni aliyeuliza akatoa kalamu.

Wiki mbili baadaye chumba cha kufulia kikaletewa glavu nene, jozi nne. Majibu ya Twiga yalitoka, alikuwa mzima. Alilia mbele ya mashine, kisha akacheka, akasema leo mumewe atakoma, atalala ukingoni yeye.

Na Mama Foronya akaletewa barua. Ilikuwa ya onyo, kwa kosa la kuidhalilisha taasisi mbele ya wageni. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya kusaini na mistari miwili ya maelezo ya mtumishi. Jioni binti alimsomea maneno magumu, na kila alipofika penye neno taasisi alilivuta kwa dharau hadi wote wawili wakashindwa kujizuia.

"Utaandika nini?" binti akauliza.

Mama Foronya alikuwa ameshaichukua kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa herufi moja moja. Aliandika kwamba barua ameipata na ameielewa. Katika mstari wa pili akaandika kuwa wodi ya pili bado wanaacha sindano mbili kwa wiki, na kwamba kesho, muda wa chai, atakuwa huko.