Kitanda cha Arobaini na Moja

Pale hospitalini walimwita Bi Kompyuta, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukubali. Ofisi yake ilikuwa mwisho kabisa wa jengo la utawala, ina meza mbili, feni yenye kelele na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Ijumaa iliyopita alikuwa amemaliza kazi iliyomtoa jasho miezi miwili, na tangu siku hiyo alitembea kifua mbele. Nani angemlaumu?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na programu kongwe iliyopiga hesabu ya dawa za dripu na kuchapa lebo, na ilikuwa na kichwa kigumu sijapata kuona. Haikujua fomu. Ilitaka uiandikie mstari mmoja wa amri, na ndani yake mambo matano kwa mpangilio: namba ya faili, kitanda, kilo, umri, na saa za kurudia dawa. Haiulizi hili ni la nini. Inatazama tu nani kasimama wa ngapi kwenye foleni. Kuigusa hakuna aliyethubutu, maana aliyeiandika alishastaafu zamani. Basi Bi Kompyuta akaandika programu mpya yenye fomu nzuri ya kujaza, ambayo kazi yake ni kuyapokea hayo matano na kuyakabidhi kwa ile kongwe. Tarishi tu, basi. Aliijaribu kwa wagonjwa mia mbili waliokuwa vitandani, na haikukosea hata mara moja, ndipo ikaanza kutumika wodini.

Jumatano asubuhi mama yake mzazi akaletwa, moyo unamwenda mbio tangu alfajiri. Dada mkubwa ndiye aliyekuja naye. Bi Kompyuta aliwapokea mapokezi, akamshikilia mama kwenye mizani, ikasoma kilo arobaini na moja, naye akaumia moyoni kuona mama alivyokwisha. Mama mwenyewe, fundi cherehani wa miaka na miaka, aliishika blauzi ya bintiye na kumwambia pindo hili limeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda harusini. Walicheka. Akaahidi atapanda wodini akimaliza kikao.

Saa tano simu ikalia. Dada alieleza kwamba wodi imefurika, mama kawekwa koridoni juu ya machela, dripu kafungwa tangu nusu saa iliyopita, na sasa kalala fofofo. Yeye dada ameshuka mara moja hadi getini kununua maji.

"Ila hiyo mashine yenu ina utani, mdogo wangu," akasema. "Lebo imeandika mama yuko kitanda cha arobaini na moja. Wodi nzima ina vitanda ishirini na vinne. Hicho kingine kiko wapi, mbinguni?"

Bi Kompyuta alicheka. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Arobaini na moja aliiona asubuhi hiyo hiyo, kwa macho yake, kwenye mizani.

"Dada, kwenye kilo wameandika ngapi?"

"Sabini na nane. Hata mimi nimeshangaa. Si ndio miaka yake hiyo?"

Simu aliiacha mezani ikiendelea kuongea. Hakufunga mlango, hakuvaa kiatu kilichomvuka chini ya meza, alitoka hivyo hivyo na mguu mmoja peku. Ukitaka kujua hofu ni nini, ni kukimbia ilhali akili inakutangulia na kukuonyesha kila kitu. Ilimwonyesha muuguzi anajaza fomu. Mgonjwa wa koridoni hana kitanda, kwa hiyo kisanduku cha kitanda anakiacha wazi, kama walivyozoea siku zote kwenye karatasi. Programu yake yeye ikapokea neno tupu, na kwa kuwa hakulifunga ndani ya alama za kunukuu za kulishikia nafasi yake, neno hilo likayeyuka njiani. Wa tatu akasogea akawa wa pili. Wa nne akawa wa tatu. Kilo zikawa kitanda, umri ukawa kilo. Nafasi ya mwisho ikabaki bila mtu, na ile kongwe, ikikosa saa, hujiamulia yenyewe kila baada ya saa sita. Dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, karibu mara mbili ya kipimo, kwa kikongwe wa kilo arobaini na moja. Na wale mia mbili wa majaribio wote walikuwa na vitanda. Mjinga mimi, alijisemea kila ngazi, mjinga, mjinga.

Koridoni aliiona machela ukutani, na mama amelala mdomo wazi. Alikishika kigurudumu cha kwenye mpira wa dripu, vidole vikagoma, akakizungusha kwa viganja viwili mpaka tone likasimama. Akamwita mama. Akamwita tena, akampiga makofi ya shavuni, mama hakufumbua macho. Muuguzi wa zamu alikuja akitaka kumfokea, akaona uso wake, akaacha. Alisikiliza maneno matatu tu. Akashika kifundo cha mkono, akahesabu, akamwita daktari kwa sauti ambayo watu wote koridoni waliinua vichwa. Daktari alichoma sindano moja, kisha ya pili. Bi Kompyuta alisimama amelishika pindo la shuka, anamwomba Mungu kama mtoto.

Robo saa baadaye mama alifumbua macho. Akaangalia chini.

"Kiatu kingine anacho nani?" akauliza, ulimi mzito.

Bi Kompyuta akamwinamia. Alilia bila aibu, paji la uso kwenye mkono wa mama. Muuguzi alikuwa tayari kwenye simu ya ukutani anaamuru chumba cha dawa kisitoe lebo nyingine. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu anayekumbuka jambo. Akasema hizo namba kubwa za vitanda waliziona tangu Ijumaa; walidhani kompyuta mpya imewapa watu wa koridoni namba zao.

Bi Kompyuta aliinua kichwa. Machela ya jirani ilikuwa tupu, shuka limevutwa, ila dripu ilikuwa bado inaning'inia. Alisogea akasoma lebo. Kitanda 55. Kilo 81.

"Mwenye hii yuko wapi?"

Muuguzi aliisoma lebo naye. "Alitutoka saa mbili asubuhi. Tulisema ni moyo, maana alikuja na moyo." Akaonyesha kwa kidevu benchi lililo mwisho wa koridoni. "Mkewe yule."

Mwanamke mzee alikuwa anakunja shati la mwanamume, taratibu, analinyoosha kola. Bi Kompyuta aliibandua ile lebo. Mama alimwita kwa nyuma, hakugeuka. Alitembea na kiatu chake kimoja, na woga uliompandisha ngazi ulikuwa mdogo kuliko huu.

"Shikamoo mama," akasema. "Kuna jambo ni lazima ulisikie kutoka kwangu mimi."

Mwanamke aliitikia marahaba, akalisogeza furushi la nguo ili ampishe mahali pa kukaa.