Kusogea Kidogo

Kabla mkutano haujaanza, meneja alinivuta pembeni akanitilia neno mdomoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia tu, lakini neno hilo alikuwa amelifanyia mazoezi.

"Nikisema move, wewe sema kusogea," aliniambia. "Linapendeza."

Linapendeza! Mkalimani ni mimi, halafu yeye ndiye wa kunichagulia maneno.

Nilijua anachotaka. Kampuni ilikuwa imenunua kiwanja chenye banda la mafundi cherehani, na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemtafsiria akipanga na dereva wa tingatinga aje kesho. Kilichobaki ni mafundi kunyoosha mikono kukubali. Mmoja wao ni mama yangu mdogo, aliyenilea kwa kupinda suruali za watu mpaka mtaa mzima ukamwita Mama Pindo.

Meneja akasimama mbele ya vyerehani, akatabasamu, akaongea, akamalizia na lile neno lake. Macho yote yakanigeukia. Mama Pindo akavua miwani ili anisikie vizuri, kama kawaida yake.

"Anasema mtasogea kidogo," nikaanza, kisha nikaona aibu. "Hapana. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa niseme. Neno lenyewe ni move, na kwa Kiingereza ni gunia, limebeba kila kitu. Ukisukuma kiti, ni hilo. Ukihama kwa hiari yako, ni hilo. Ukisikia wimbo ukaguswa moyo, hilohilo. Na mtu akija kukutoa kwako kwa nguvu, bado ni hilo. Lina ndugu zake pia, remove, clear, relocate, wamevaa suti lakini kazi yao moja. Hapa maana yake ni kufukuzwa. Tingatinga linakuja kesho."

"Kumbe tunaombwa tunyooshe mikono tufukuzwe kwa adabu?" akauliza Mama Pindo.

"Ndiyo, mama. Ndicho anachoomba."

Akavaa miwani yake, akakaa kwenye mashine, akakanyaga pedeli. Jirani yake akafuata, na mwingine, mpaka banda zima likawa linanguruma.

"Hatutoki!"

"Hatuhami!"

"Hatubanduki!"

"Mwambie hatung'oki hata atuvute kwa kamba!"

Meneja akanijia uso umemwiva. Akataka kujua wanasema nini, na akanikumbusha ni nani anayenilipa. Sikuwa nimesahau, kodi ya chumba changu ilitoka mfukoni mwake. Nikavua beji ya kampuni, nikamwekea kiganjani. Mafundi walikuwa wamesema mengi, na Kiingereza kina neno moja linaloyatosha yote.

"No," nikamwambia.

Kisha nikavuta kigoda, nikaketi kando ya Mama Pindo, nikamshikia kitambaa apinde.