Vunjajungu kwenye Shela

Kitendawili! Nyumba yangu imejengwa kwa povu, haina mlango wala dirisha, na wapangaji wake wote huhama asubuhi moja.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Jibu ni kifuko cha mayai ya vunjajungu. Na kwa kuwa mji umenipa, kaa nikupeleke nyumbani kwa binti yangu, uone wapangaji hao walivyohama na walikohamia.

Binti yangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ni cha kazi: cherehani mbili, meza ya kukatia, meza ya kupigia pasi, kioo kirefu, na sanamu lisilo na kichwa ambalo huvishwa magauni ya watu. Chumba cha nyuma ni changu. Changu na vinyonga.

Vinyonga ni wa mjukuu wangu. Alipopata kazi mbali aliniachia kinyonga jike pamoja na mayai aliyokuwa ameyataga, yamefukiwa kwenye debe la mchanga. Yule mama mtu alikuwa mzee, akafa. Mayai yake kila mtu aliyasahau isipokuwa mimi. Niliunyunyizia mchanga ule maji miezi na miezi, binti yangu akinicheka kwamba napalilia jangwa. Kisha siku moja mchanga ukatoa kichwa. Kikafuata cha pili. Walipokwisha kutoka wote walikuwa watano, kila mmoja kama pini, mkia umejiviringa kama uzi uliokatwa kwenye cherehani. Jicho moja linakutazama wewe, jingine linatazama mambo yake.

Wazuri kupita kiasi. Taabu ikawa kula. Kinyonga hali kitu kilicholala, sharti kitembee. Na mtoto wa kinyonga hali kitu kinachozidi upana wa kichwa chake. Katika nyumba ile hakikutembea kitu. Binti yangu na nzi ni maadui, kwa sababu nzi akitua kwenye kitambaa cheupe huacha nukta, na nukta hiyo mteja huiona kabla hajaona gauni. Kwa hiyo alikuwa akipuliza dawa ya kopo kila kona. Hata buibui walishafunga virago.

Nikateremka kwa Muuza Ndege, jirani yetu wa chini mwenye duka la kasuku na samaki wa mapambo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nataka chakula cha watoto wa kinyonga."

"Nilicho nacho ni nyenje. Ila nyenje wangu ni majitu, Bibi. Ukiwatia mle, wao ndio watakaokula watoto wako."

"Sasa nifanyeje?"

"Waache tu. Watoto wa kinyonga hufa. Hata kwangu wanakufa."

"Kwako wewe hata samaki wanazama," nikamwambia, nikapanda ngazi zangu.

Mjukuu wangu akapiga simu. Nilipomweleza, akasema kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "Bibi yangu, usijisumbue. Wakifa si kosa lako."

Najua alisema kwa mapenzi. Lakini maneno yale yaliniingia kama sindano chini ya kucha. Mtu akikusamehe kabla hujakosa, ameshakuweka kwenye fungu la walioshindwa.

"Hawafi," nikasema.

"Bibi..."

"Nimesema hawafi. Haya, nenda kazini."

Utotoni nilikuwa nikiwatazama vunjajungu wakianguliwa kwenye ua wa michongoma. Hutoka wadogo mno, wembamba kama nyuzi, na hawana tabia ya kujificha chini ya majani kama nyenje. Wao hupanda juu, palipo na mwanga, wakasimama wakiyumba kana kwamba wanangoja kuitwa. Na kinyonga naye huketi juu hukohuko. Nikatafuta ua wa karibu, nao ulikuwa nyuma ya matangi ya maji, na humo ndani nikakuta vijiti vitatu vyenye povu lililokauka, rangi ya makapi. Nikavikata.

"Mama," binti yangu akaniita jioni, "mkasi wangu umekata nini?"

"Kijiti."

"Kijiti! Mama, mkasi ule ni wa vitambaa, haukatishwi hata karatasi!"

"Leo umekata, na haujafa."

Vijiti nikavisimamisha ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, nikavinyunyizia maji, nikaiweka chupa kwenye rafu karibu na meza ya pasi, kwa sababu mahali pale pana joto kutwa. Mdomo wa chupa ulihitaji kitu kinachopitisha hewa. Sakafu ya fundi haikosi vipande. Nikaokota kipande cha neti ya shela, nyeupe, laini, nikakifunga kwa mpira wa nywele. Kwa macho yangu matundu yale hayakupitisha hata pumzi ya sisimizi. Nani mwingine angefunika wadudu kwa shela? Ni sisi tu, tunaoishi tukiokota neti kwenye nyayo za miguu.

Nikangoja. Watoto nao wakangoja, lakini wao kwa kukauka. Nilikuwa nikiwadondoshea maji kwenye majani, wakanywa, ila maji si chakula. Macho yakaanza kudidimia. Rangi zikapauka. Kisha yule mdogo kuliko wote akaanza kufumba macho mchana, na kinyonga anayefumba macho jua likiwaka anaaga.

Asubuhi ya siku ya nne ya kufumba kwake, alikuja bi harusi kujaribu gauni kwa mara ya mwisho, ameandamana na mama yake. Yule mama nilikuwa nimempa jina la Tarumbeta, kimoyomoyo, maana akisalimia nyumba nzima inaitika. Nilikuwa chumbani kwangu nikibadilisha majani ya vinyonga, nikasikia:

"Gauni linatembea!"

Nikatoka mbio, kama mtu wa umri wangu anavyotoka mbio. Nikaitazama chupa kwanza. Kwenye kijiti kimoja povu lilikuwa limeota ndevu nyeupe, nyuzinyuzi zinaning'inia, na chupa tupu, wapangaji wamepenya kwenye matundu ya neti. Kisha nikalitazama gauni.

Lilikuwa limesimama kwenye sanamu, jirani na rafu, chini ya taa ambayo binti yangu huiwasha akishona shanga. Vunjajungu walikuwa wamelipanda kuanzia pindo. Mamia yao, rangi ya majani makavu, wadogo, wamekunja mikono kifuani kwa adabu, wanapanda satini kuelekea kwenye shela lililobanwa shingoni mwa sanamu, na shelani wamejaa hadi juu.

Binti yangu alikuwa ameshashika kopo la dawa. Nikasimama kati yake na gauni.

"Mama, toka hapo."

"Sitoki."

"Mama, huyu ni mteja!"

"Namwona. Hujambo, mwanangu? Gauni limekufaa, hata kabla hujalivaa." Bi harusi alikuwa ameganda mlangoni, mkono mdomoni.

"Wewe Bibi!" Mama Tarumbeta akapaza. "Unatetea wadudu kwenye gauni la harusi ya mwanangu?"

"Siwatetei, mama. Hawa wataliwa leo hii. Ninachotetea ni nani atakayewala. Mle ndani kuna watoto wangu wanakufa njaa, na chakula chao ndicho hiki. Kikipata dawa, kimekuwa sumu."

"Watoto gani?"

"Wa kinyonga."

Ah, hapo ndipo tarumbeta lilipopigwa. Kinyonga! Ndani ya nyumba! Karibu na harusi! Atakwenda kwa fundi mwingine, atawaambia ndugu, atawaambia majirani. Binti yangu bado alikuwa amelishika kopo. Nikamwonea huruma, kwa sababu gauni lile lilikuwa kazi ya vidole vyake, na mimi ndiye niliyeliletea balaa. Lakini huruma si kusogea.

"Pulizia basi," nikamwambia. "Dawa hiyo ina mafuta. Wewe ni fundi, niambie: satini ikinywa mafuta hutoka?"

Kidole chake kikaondoka kwenye kopo.

"Wakung'ute!" akasema Mama Tarumbeta.

"Wakikung'utwa wataachia miguu kwenye shanga," binti yangu akasema taratibu, na nadhani alishangaa kusikia sauti yake upande wangu. Akachomeka waya wa pasi ukutani. "Mama, nina mikunjo ya kunyoosha. Nakupa mpaka pasi hii ipate moto. Baada ya hapo nachukua brashi, na usinisemeshe."

Pasi ile ni mpya, haikawii. Nikaenda kuchukua tawi.

Niliwaleta wote watano juu ya tawi lao moja. Binti yangu, anayewaogopa vinyonga tangu azaliwe, akarudi nyuma mpaka akagongana na kioo. Nikazima taa ya shanga. Nikafungua pazia, mwanga ukamwagika kutoka dirishani. Kisha nikaegemeza ncha ya tawi juu kabisa ya shela, kama mtu anayeunganisha ngazi na paa, nikaushikilia upande wa pili kuelekea kwenye mwanga. Anayependa kupanda, mpe pa kupandia.

Wakasita. Mmoja akajaribu, akavuka, akafika kwenye jani. Wakamfuata wengine. Vinyonga hata hawakutikisika. Pasi ikaanza kunuka joto.

"Wamekufa hao," akasema Mama Tarumbeta.

"Mama, nyamaza kidogo, unawatisha," akasema bi harusi.

Sijui nani alishangaa zaidi, mama yake au mimi. Mkono wangu ulikuwa umeanza kuchoka, tawi linacheza. Bi harusi akavua viatu, akaja, akashika tawi karibu na kiganja changu. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ni yupi atakula kwanza, Bibi?"

"Mwenye hasira."

Jicho moja likazunguka. Likasimama. La pili likaja likaungana nalo, yote mawili mbele, yamemkazia vunjajungu mmoja aliyekuwa akiyumba kwenye jani. Mdomo ukafunguka kidogo. Na ulimi ukatoka, ukarudi, na jani likabaki peke yake.

"Amekula!" bi harusi akapiga kelele, naye ndiye aliyewatisha sasa, lakini hawakujali. Wa pili akapiga. Wa tatu akapiga akakosa, akajaribu tena. Wa nne akala wawili bila kupumzika. Rangi ilianza kuwarudia mbele ya macho yetu, kijani kikipanda kuanzia mkiani.

Pasi ikawa tayari. Binti yangu aliishika, akaitazama, akaiweka chini.

Shela lilipobaki na wachache, aliwaondoa mwenyewe kwa ncha ya brashi ya poda ya bi harusi, mmoja mmoja, akiwarudisha kwenye chupa iliyofunikwa kitambaa cha bitana. Gauni halikuwa na doa. Mama Tarumbeta alilikagua mshono kwa mshono, kwa hamu ya mtu anayetafuta kosa, akalikosa.

"Lakini utaomba radhi," akaniambia wakati wa kuondoka.

"Kwa neti, naomba radhi. Neti nilikosea. Kwa wadudu, hapana. Kwa vinyonga, hapana kabisa. Na wakikuuliza huko nje, waambie wanaishi hapa."

Wakaondoka, bi harusi akigeuka nyuma kila ngazi.

Alikuwa amebaki yule mdogo. Hajala. Macho bado ameyafumba, mbavu zinahesabika. Nikamwekea vunjajungu kwenye ncha ya unyoya wa mapambo, mbele ya pua yake. Hakuona. Nikamdondoshea tone la maji mdomoni, nikaurudisha unyoya.

"Mama," binti yangu akasema kwa upole, "wanne si haba. Huyo mwache."

"Niletee kiti."

"Mama, hujala tangu asubuhi."

"Na yeye hajala. Kiti."

Akaleta viwili. Akaketi kando yangu, mbali kidogo, magoti ameyabana, akaupokea unyoya mkono wangu ulipochoka. Mashine zilikaa kimya siku ile. Mteja mmoja alibisha hodi, binti yangu akamjibu bila kuinuka, "Njoo kesho, tuna mgonjwa." Mwanga ulikuwa umehamia kwenye ukuta wa pili kope ya yule mdogo ilipotikisika. Ikafumbuka kama tundu la sindano. Vunjajungu akayumba. Binti yangu akaacha kupumua. Nikamwekea mkono gotini, asije akaruka.

"Tulia," nikamnong'oneza. "Anapima."

Akapima sana. Kisha akapiga, na unyoya ukabaki peke yake.