Baba wa Valli Hataki Kufufuka

Sadaiyan alikufa kama alivyozoea kufa kila mwaka. Mshale wa tete usio na ncha ulimgonga kifuani, akatoa mguno, akazunguka kidogo ili watu wa nyuma nao wamwone, kisha akaanguka chali katikati ya njia iendayo hekaluni. Vumbi la Panguni, mwezi wa sherehe hii, likampanda puani. Pembeni yake wakaanguka wanaume wengine wa mlimani, wale wanaocheza kaka zake Valli, na mmoja wao akamwangukia mguuni.

"Sogea," Sadaiyan alinong'ona bila kufungua macho.

"Maiti hasogei," yule akajibu.

Ngoma zikanyamaza. Sasa ilikuwa zamu ya maji ya manjano, yanayofufua waliokufa.

Watu wa mlimani wakiwa peke yao hawamwiti Valli mungu. Wanamwita binti yetu. Babu zao ndio waliomwokota akiwa mchanga kwenye shimo la viazi vikuu, wakamlea, na alipokua wakampa kombeo alinde shamba la uwele lisiliwe na kasuku. Huko shambani ndiko Murugan, mungu wa mkuki, alikomwona akapagawa. Alijigeuza mwindaji, akajigeuza mzee mwenye kiu, akamwomba hata kaka yake mwenye kichwa cha tembo amtishe yule msichana ili amkimbilie yeye kifuani. Mwisho akatoroka naye bila kumuuliza mtu. Baba yake Valli akatoka na wanawe na pinde zao kumfuata, na mungu akawalaza wote. Lakini Valli aligoma. Hakusogea mbele mpaka alipowafufua watu wake kwa mkono wake mwenyewe, na bwana harusi akasimama mbele ya baba mkwe kama mtu mwenye adabu, akaomba. Ndipo harusi ikafungwa.

Kwa hiyo kila mwaka, machela ya Murugan inapobebwa kwenda hekaluni kuoa, watu wa mlimani huizuia njiani. Hupigana, hufa, hufufuka, humtoa binti. Bila wao hakuna harusi, kwa sababu bibi harusi ni wao. Nafasi ya baba ni ya ukoo wa Sadaiyan, na tangu mzee wake aishiwe magoti, yeye ndiye anayekufa.

Kuhani akaja na chombo chake cha shaba. Sadaiyan alisikia matone yakiwapata wenzake, na wao wakiinuka mmoja mmoja, wakijikung'uta na kucheka. Kisha matone yakamfikia yeye, kwenye paji la uso na mdomoni. Manjano yana uchungu kidogo. Hakuinuka.

Kuhani akanyunyiza tena. "Sadaiyan," akasema kwa sauti ya chini. "Inuka, bwana."

Hakuinuka.

Jambo hili alikuwa amelipanga tangu msimu wa asali, na hakuwa na wasiwasi nalo. Mtu anayening'inia kwenye jabali kwa kamba akikata sega, huku nyuki wanamtambaa shingoni, hawezi kushindwa kulala njiani.

Binti yake Kuyili alikuwa ametoroka na Kumaresan, kijana wa kijiji cha chini, mtoto wa Thanulingam. Thanulingam ndiye mkuu wa wabebaji wa machela, na ndiye anayemsemea mungu siku ya harusi. Sadaiyan hakuwa na ugomvi na kule kutoroka. Mlimani ndoa nyingi zimeanza hivyo, na aliyeonyesha njia ni mungu mwenyewe. Kilichomkaa kooni ni kilichofuata. Thanulingam hakupanda mlimani kuomba. Hakutuma hata jani la tambuu la posa. Kuyili alipofikisha mimba ya miezi saba, Sadaiyan na mkewe Isakki walishuka na kapu la bangili za kioo wamvishe binti yao, kisha wampeleke nyumbani akajifungue, maana mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke. Thanulingam aliwaacha wamesimama barazani.

"Alikuja hapa kwa miguu yake, hakuletwa na mtu," aliwaambia. "Huyu hana kwao. Atazaa hapahapa."

Wakarudi mlimani na bangili zao. Isakki alilia njia nzima. Sadaiyan hakulia. Alikuwa anafikiri juu ya mwezi wa Panguni.

"Kuna nini huko mbele?" Sauti ya Thanulingam ilitoka chini ya mti wa machela. "Mbona hatuendi? Saa ya heri inapita."

"Mzee wa mlimani hainuki," kuhani akasema.

"Amelewa?"

"Amekufa," ikajibu sauti ya mwanamke. Sadaiyan akajiuma ulimi asitabasamu. Isakki alikuwa amefika. "Mmempiga mshale mbele ya kadamnasi, halafu mnauliza kama amelewa?"

"Isakki, usinichezee. Mshale wa tete huo."

"Wa tete, wa chuma, mimi sijui. Mimi ni mjane tu." Akakaa chini kando ya mumewe, akafungua nywele zake, akaanza kuomboleza, na sauti ya kuomboleza alikuwa nayo. "Bwana wangu wee, ulikuwa mvivu wa kupasua kuni lakini ulikuwa wangu. Ulikoroma kama dubu lakini nilikuzoea. Nani atanilia chakula changu bila kukisifu?"

Wanawake wa mlimani wakaitikia kilio. Wa kijiji cha chini wakaanza kucheka ndani ya mitandio yao.

"Sadaiyan, mnyamazishe mkeo," Thanulingam akasema.

"Unamsemesha maiti, mkwe?"

"Usiniite mkwe."

"Haya. Unamsemesha maiti, bwana usiye mkwe?"

Kicheko kikapanda. Kuhani hakucheka. "Ndugu zangu," akasema, "mimi siwezi kumfungia ndoa bibi harusi ambaye baba yake amelala maiti njiani. Huo ni msiba. Nitamvishaje uzi wa ndoa mwenye msiba?"

"Basi mfufue," Thanulingam akafoka.

"Nimemnyunyizia, umeona."

"Leteni ndoo."

Ndoo ikaletwa. Maji yalimwagika yote juu ya Sadaiyan, toka kichwani hadi miguuni. Mgongo wake ulikuwa ukiungua kwenye vumbi la moto, akamshukuru Thanulingam kimoyomoyo. Akatulia.

"Bwana kuhani," Isakki akauliza, safari hii bila kilio, "siku ile yenyewe, baba yake Valli alifufuliwa na nani? Na ndoo?"

"Na Valli."

"Na Valli alikuwa nani yake?"

"Binti yake," kuhani akajibu, na palepale akaona maneno yanaelekea wapi.

"Haya. Binti wa maiti huyu yuko pale ukutani mwa hekalu, amekaa kama mgeni asiyejuana na mtu. Aitwe."

Manung'uniko yakapita kwa watu kama upepo kwenye uwele. Sadaiyan aliyasikia na kuyapima. Yalikuwa upande wake.

"Kuyili ana mimba," Thanulingam akasema. "Mwenye mimba hakaribii maiti. Hata nyinyi huko juu mnalijua hilo."

Isakki alikuwa akilingoja neno hilo. "Kwa hiyo amekufa kweli?"

"Sikusema..."

"Chagua, bwana. Kama ni maiti, kuna msiba, na mungu wako mrudishe kwake bila mke, wewe mwenyewe umbebe. Kama si maiti, huu ni mchezo, na binti hana cha kuogopa. Moja kati ya hayo. Sisi tutangoja. Mwenzako hapa hana haraka."

Siafu mmoja akapanda shingoni mwa Sadaiyan, akazunguka sikio, akalichungulia. Sadaiyan akamwachia. Mambo yote yalikwenda kama alivyoyapanga, isipokuwa moja ambalo hakuweza kulipanga. Kuyili alikuwa hajasema neno. Alikuwa ameishi kwenye nyumba ile mwaka mzima, amekula chakula chao, amezoea kuinamisha kichwa. Huenda angeona haya. Huenda angebaki ukutani. Na kama angebaki, Sadaiyan angeinuka mwenyewe kama mlevi, na mlima mzima ungejua kwamba Thanulingam alisema kweli, yule msichana hana kwao.

Ndipo akasikia njuga za miguuni. Zilikuja polepole, kwa hatua nzito za mwanamke anayebeba watu wawili.

"Kuyili, ngoja," Kumaresan alisema.

"Nishike mkono au nipishe," Kuyili akamwambia.

"Nimekukataza, mwanangu," Thanulingam akasema.

"Nimekusikia, baba. Lakini mungu yuko juani, na mabega ya watu yanauma."

Sadaiyan alimsikia akihangaika kushuka chini, akihema, akimwegemea mumewe. Kisha mkono ukamgusa paji la uso. Ulikuwa na maji ya manjano, na ulikuwa na joto.

"Baba, inuka," Kuyili akanong'ona. "Miguu imenivimba, siwezi kuchuchumaa sana."

Sadaiyan akafungua jicho moja. "Umekonda uso."

"Na wewe umenuna. Inuka bwana, watu wanatutazama."

Akainuka. Ngoma zikalipuka, zumari zikafuata, wanawake wakapiga vigelegele, na hata wabebaji wa machela, waliokuwa wakitoka jasho chini ya mti wa machela yao, wakashangilia. Sadaiyan alikuwa ameloa, amejaa matope, siafu yuko masikioni, lakini alisimama wima kama mtu aliyetoka kuoga kwa ajili ya sherehe. Mkono wa Kuyili hakuuachia.

Kazi ilikuwa haijaisha. Baba akishafufuka, upande wa bwana harusi huomba, na baba hutaja anachotaka. Huwa ni maneno yaleyale ya kila mwaka, na jibu lake ni lilelile, tumekubali. Hakuna aliyewahi kusikia jibu jingine, kwa sababu siku ile Murugan mwenyewe hakujibu jingine.

Thanulingam akasogea mbele, mti wa machela begani. Jasho lilikuwa limemharibia majivu ya ibada aliyojipaka kwenye paji la uso. "Tumekuja kwa ajili ya binti yenu," akasema haraka. "Semeni mnachotaka."

"Tunataka asisahau njia ya mlimani," Sadaiyan akasema. Hayo ndiyo maneno ya kila mwaka. Thanulingam akafungua mdomo ajibu, lakini Sadaiyan alikuwa hajamaliza. "Tunataka avishwe bangili na watu wake. Tunataka mtoto wake wa kwanza amzalie kwa mama yake. Na atakayekuja kumrudisha aje na tambuu mkononi, na mimi aniite mkwe."

Watu wa nyuma wakasogea mbele wasikie.

"Hayo si maneno ya kila mwaka," Thanulingam akasema.

"Ni maneno ya baba wa bibi harusi," kuhani akasema, akitazama jua. "Jibu, bwana."

Thanulingam akamkazia Sadaiyan macho. "Wewe hapo unamsemea Valli, au unamsemea nani?"

"Na wewe unamjibia Murugan," Sadaiyan akamuuliza, "au unamjibia nani?"

Thanulingam akageuza shingo kidogo, kadiri mti ulivyomruhusu, akaitazama sanamu iliyokaa nyuma yake katika maua, imeshika mkuki, usoni ina tabasamu la bwana harusi asiyetaka kucheleweshwa. Alikuwa mtu mgumu, lakini alimheshimu mungu wake. Asingeweza kumtia mdomoni neno ambalo hajawahi kulisema.

"Tumekubali," akasema.

"Sijasikia," Isakki akasema. "Masikio yangu bado yana kilio."

"Tumekubali." Thanulingam akauweka mti vizuri begani. "Tumekubali, mkwe."

Harusi ilifungwa saa ya heri ikiwa karibu kupita. Watu wa mlimani waliingia na kapu lao la unga wa uwele uliokandwa kwa asali, wakaliweka mbele ya binti yao, na kuhani akamvisha Valli uzi wa ndoa. Isakki alilia tena, kwa kweli safari hii, kama anavyolia kila mwaka. Hajawahi kuzoea kumtoa binti yule.

Mchana, Kuyili alivishwa bangili kwenye baraza la Thanulingam, palepale waliposimamishwa wazazi wake. Sasa walikuwa wamekaa, na mama mkwe akiwaletea mtindi mwepesi wenye chumvi na tangawizi. Bangili zilikuwa zimeshuka nao tangu asubuhi, zimefichwa chini ya kapu la unga. Nyekundu na kijani zilimpanda Kuyili mikononi karibu na viwiko, zikalia kila alipocheka.

Wakaanza kupanda mlima jua lilipopoa, kidogokidogo, wakipumzika kila penye kivuli. Kumaresan alikuwa nyuma na fenesi kubwa begani, zawadi ya mama yake, na hakuna aliyemwonea huruma.

"Mkwe," Thanulingam akaita toka barazani. Neno lilikuwa bado linamkwaruza koo, lakini lilitoka. "Mwakani ukifa, uwahi kuinuka. Mabega yangu si ya kijana."

Sadaiyan hakugeuka. "Mwakani nitafufuliwa na mjukuu," akasema. "Akiwa amelala, mtangoja aamke."